Boma la Masoko na Majina Yasiyoandikwa

Watu wengi hupenda kuzuru mahali pa kale: ngome za wafalme, maboma ya serikali zilizopita, viwanja vilivyopiganiwa vita, na nyumba za makumbusho ambamo bunduki na mizinga ya zamani imewekwa ili itazamwe. Jambo hili ni jema, maana wahenga walisema, Mwacha asili ni mtumwa. Lakini kutazama si kujifunza. Mtu aweza kusafiri mwendo wa siku tatu, akaona kuta nene na mizinga yenye kutu, akarudi kwake asijue zaidi ya aliyoyajua alipotoka. Aonaye kwa faida ni yule aendaye na swali moyoni. Nia ya maneno haya ni kuwapa wasomaji, hasa sisi wa Nkunga na nchi yote ya Rungwe, swali moja la kuuliza kila tufikapo mahali kama hapo. Swali lenyewe ni hili: Majina ya nani yameandikwa hapa, na ya nani hayakuandikwa?

Ili tuone jinsi swali hili lifanyavyo kazi, na tulijaribu kwanza kwa ngome iliyo mashuhuri kupita zote katika pwani yetu, kisha turudi nyumbani.

Katika Mombasa iko ngome kubwa iitwayo Fort Jesus, yaani Ngome ya Yesu. Waliijenga Wareno tangu mwaka 1593 mpaka 1596, kwa mchoro wa fundi Mwitalia aliyeitwa Giovanni Battista Cairati. Waingereza waliposhika pwani waliifanya gereza, hata mwaka 1958 gereza likaondolewa, na ngome ikatengenezwa kuwa mahali pa kumbukumbu na makumbusho. Mwaka 2011 ilitiwa katika orodha ya mahali pa urithi wa dunia. Wageni huonyeshwa mizinga, huambiwa majina ya wakuu wa Wareno na ya watawala wa Oman, kisha huenda zao.

Lakini sikilizeni habari hii. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome ile, na mazingira yale yalidumu karibu miaka mitatu. Njaa ikaingia, na baada yake tauni. Wareno waliokuwa ndani wakafa mmoja mmoja, hata mwezi wa Agosti 1697 hakubaki wa kuiongoza. Ni nani basi aliyeilinda ngome? Aliilinda Bwana Daud wa Faza, Mswahili wa visiwa vya Lamu, pamoja na jamaa zake wachache, na wanaume Waafrika wasiozidi kumi, na wanawake Waafrika wapatao 50. Hao ndio waliosimama juu ya kuta mpaka merikebu za msaada zilipofika mwezi wa Septemba. Ngome ilianguka baadaye, tarehe 13 Desemba 1698. Jina la Bwana Daud twalijua kwa kuwa liliandikwa. Wanawake wale 50 hatujui hata mmoja wao aliitwaje. Ngome ya mawe imesimama zaidi ya miaka 400, lakini majina ya walioiokoa wakati ule hayakudumu hata kizazi kimoja, kwa sababu hakuna aliyechukua kalamu.

Basi na turudi kwetu. Kwani nasi tunayo maboma, tena kiwanja cha vita hakiko mbali.

Kila mtu wa Rungwe alijua boma la Tukuyu. Kituo cha kwanza cha Wajerumani katika nchi hii hakikuwa hapo. Kilikuwa kando ya Ziwa Nyasa, mahali paitwapo Lumbila, nao walikiita Langenburg. Jina hilo lilitokana na ukoo wa Hohenlohe-Langenburg, maana mkubwa mmoja wa ukoo huo alikuwa ameongoza chama kilichoshughulika na habari za makoloni huko Ujerumani. Baadaye waliacha joto na homa za ziwani, wakapanda milimani, wakajenga boma jipya, na mji wakauita Neu Langenburg, maana yake Langenburg Mpya. Jina la wageni limepita, na jina la Tukuyu limebaki.

Boma la pili li Masoko, juu ya ziwa dogo la mviringo ambalo wenyeji huliita pia Kisiba. Ziwa hilo ni kinywa cha volkano ya zamani, na kina chake chafika karibu meta 39. Hapo Wajerumani waliweka kombania ya 5 ya askari wao, nao wakajenga nyumba za mawe zilizo imara. Baada ya vita Waingereza walizitumia nyumba hizo kwa kazi ya baraza la hukumu. Mahali penyewe ni pazuri sana: maji yametulia chini, miti imesimama kandokando, na hewa ni baridi. Mgeni akiketi hapo hawezi kudhani kwamba ndipo vita vilipoondokea.

Tukiuliza swali letu mahali hapo, jibu laja upesi. Jina la kombania limeandikwa katika vitabu. Majina ya wakuu wake yameandikwa pia. Lakini mawe yale hayakujipandisha mlimani yenyewe. Wajerumani waliokuwa katika nchi hii walikuwa wachache sana. Katika utawala ule kazi za namna hii zilifanywa na wenyeji, wengine kwa ujira, wengine kwa sababu ya kodi ya nyumba iliyowekwa mwaka 1898. Kila jiwe la maboma kama haya lina bega lililolibeba, na mabega hayo hayana jina.

Sasa na tutazame vita vyenyewe. Vita Kuu vya kwanza vilianza Ulaya mwanzoni mwa Agosti 1914. Tarehe 13 ya mwezi ule ule vilifika katika Ziwa Nyasa. Palikuwa na meli mbili za serikali ziwani: ya Waingereza iliitwa Gwendolen, na nahodha wake alikuwa Rhoades, ya Wajerumani iliitwa Hermann von Wissmann, na nahodha wake alikuwa Berndt. Wawili hao walikuwa marafiki wa siku nyingi. Rhoades alipata habari ya vita kwanza, akaenda Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, akaikuta meli ya rafiki yake imepandishwa nchi kavu ili itengenezwe, akaipiga kwa mzinga. Berndt alimwendea kwa mashua, amejaa ghadhabu, akitaka kujua rafiki yake amepatwa na wazimu gani. Ndipo alipoambiwa kwamba mataifa yao yanapigana, naye akawa mfungwa. Habari hii huchekesha, na kwa hiyo imeandikwa mara nyingi. Lakini mwezi uliofuata hapakuwa na kicheko.

Kapteni von Langenn-Steinkeller, mkuu wa askari wa Masoko, aliwachukua watu wake akashuka mpaka mto Songwe, ambao ndio mpaka wa nchi, akavuka kwenda Karonga. Waingereza nao walikuwa wametoka Karonga chini ya Kapteni Barton kwenda Songwe ili wakutane naye. Kwa kuwa njia zilikuwa mbili, majeshi yalipishana bila kuonana. Asubuhi ya tarehe 9 Septemba 1914 Wajerumani wakalifikia boma la Karonga, lililokuwa na walinzi wachache tu, wakalishambulia kwa saa nyingi. Wale wachache wakashika sana, hata wenzao waliposikia milio wakarudi mbio, wakawapiga Wajerumani kwa nyuma. Siku ile watu wengi walikufa pande zote mbili, na von Langenn mwenyewe akajeruhiwa vibaya. Kikosi cha Masoko kikarudi juu. Mtu wa Nkunga aweza leo kushuka kwa motokaa kupita Tukuyu mpaka Kasumulu, akavuka daraja la Songwe, akafika Karonga siku hiyo hiyo. Huko ataona mahali pa vita, na makaburi ya Wazungu wa pande zote mbili, adui pamoja na adui.

Baada ya hayo mpaka ulitulia kwa kiasi, hata mwisho wa Mei 1916, Jenerali Northey alipovuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini na majeshi yake. Katika siku chache Wajerumani walitoka Tukuyu na Masoko, wakarudi nyuma upande wa Njombe na Iringa. Kwa watu wa nchi hii utawala ukabadilika, lakini mzigo haukutua. Mzigo ndio kwanza ulizidi.

Hapa yatupasa kufahamu vita vile vilipiganwaje. Nchi haikuwa na barabara za motokaa. Reli zilikuwa mbali. Farasi na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa, kila sehemu ya mzinga, vilipanda juu ya kichwa cha mtu. Na tufanye hesabu kama wafanyavyo watoto shuleni. Mpagazi huchukua mzigo wa ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Kila siku yampasa kula karibu ratili 2 za unga. Akienda mwendo wa siku 15 na kurudi siku 15, kwa muda wa siku 30 amekula ratili 60, nazo ndizo mzigo wake wote! Basi ili askari aliye mbele apate chakula chake, wapagazi wengi wanatakiwa nyuma yake. Na hao nao wanatakiwa kuletewa chakula na wapagazi wengine. Ndiyo sababu jeshi dogo lilihitaji watu kama nyasi.

Wapagazi wa Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki, tangu 1914 mpaka 1918, walikaribia milioni moja, waliotolewa katika nchi nyingi. Kwa hesabu zinazokubaliwa na wengi, waliokufa walikuwa karibu 100,000. Wachache walikufa kwa risasi. Waliobaki walikufa kwa kuhara damu, kwa homa ya mapafu, kwa malaria, kwa baridi ya milimani na kwa njaa. Upande wa Wajerumani nako wapagazi walichukuliwa vijijini, na wengi hawakurudi. Jina la kazi ile limebaki mpaka leo katika miji yetu: Kariakoo ya Dar es Salaam, na ile ya Nairobi, zilipata jina kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya Kikosi cha Wapagazi. Watu huenda Kariakoo kununua nguo na nyanya, wala hawajui kwamba wanatamka kila siku jina la jeshi la wafu.

Tena kumbukeni desturi ya Wanyakyusa wa zamani. Vijana wa rika moja walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao, wakakaa pamoja mpaka uzee. Watu kama hao walipotakiwa kwenda kubeba mizigo, hakikuwa kilio cha nyumba moja. Kijiji kizima cha rika kiliweza kuona pengo: nyumba imefungwa, migomba haina wa kuipalilia, na mke hajui kama yeye ni mjane au si mjane. Askari aliyekufa, mkuu wake aliandika. Mpagazi aliyeanguka njiani, mzigo wake ulichukuliwa na mwingine, na safari ikaendelea.

Je, hao waliandikwa wapi? Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha sanamu ya askari katikati ya Dar es Salaam. Wengi wetu tumeipita, nayo ni nzuri: askari Mwafrika wa shaba, ameshika bunduki yenye singe. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, nayo huwataja askari na wapagazi pia. Lakini jina la mtu hata mmoja halimo. Katika makaburi ya vita, Mzungu aliyekufa alipata jiwe lake na jina lake. Mwafrika aliambiwa kwamba sanamu moja yatosha kwa wote.

Jambo hili halikusemwa wazi kwa miaka mingi. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa juu yake. Taarifa ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na yawezekana kufika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na wa Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi mbele ya Bunge lao. Hayo ni maneno mema, ingawa yalichelewa miaka mia na zaidi. Lakini fikirini: ombi la radhi huelekezwa kwa mtu. Mtu asiye na jina ataombwaje radhi, na ni nani atakayelipokea kwa ajili yake?

Msomaji aweza kusema, Jina lina faida gani kwa mtu aliyekwisha kufa? Mifano miwili ya nchi yetu wenyewe itamjibu.

Wa kwanza u katika njia ya kwenda Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891, mahali paitwapo Lugalo, Wahehe waliliangukia ghafula jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, wakamwua yeye na Wazungu wengine, pamoja na askari zaidi ya 250. Wajerumani walijenga mnara kwa ajili ya watu wao waliokufa, nao huonekana huko mpaka leo. Mwaka 1894 walirudi na mizinga, wakaivunja ngome ya Kalenga. Na tarehe 19 Julai 1898 Mtwa Mkwawa alijiua kuliko kushikwa. Kichwa chake kikachukuliwa kupelekwa Ujerumani. Sasa tazameni nguvu ya jina. Mwaka 1919, mataifa makubwa yalipofanya mapatano ya amani huko Versailles, kati ya maneno ya mipaka na malipo ya vita liliwekwa neno moja kwamba fuvu la Mkwawa lirudishwe. Lilichelewa sana, lakini halikusahauliwa. Na tarehe 19 Juni 1954 Gavana Twining alilikabidhi kwa Wahehe huko Kalenga, penye makumbusho yake leo. Lilirudi kwa sababu lilikuwa na jina, na jina lilikuwa na watu wa kulidai.

Wa pili u Songea. Katika vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa tangu 1905 mpaka 1907, Wajerumani waliwanyonga wakuu wengi wa Wangoni. Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa watu zaidi ya 60, wakazikwa katika kaburi moja. Lakini Wangoni hawakuwaacha wazee wao katika giza. Makumbusho ya Maji Maji yamejengwa mahali pale pale, na kila mwaka, mwezi wa Februari, watu hukusanyika kuwakumbuka. Kati ya wakuu walionyongwa mwaka ule alikuwa Nduna Songea Mbano, ambaye mji wenyewe una jina lake, na jamaa zake wasema kwamba kichwa chake kilichukuliwa kwenda Ulaya. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakaa na wajukuu wa Songea Mbano, akaomba msamaha. Mkuu wa taifa kubwa alisafiri mpaka hapo kwa sababu kizazi baada ya kizazi palikuwa na mtu wa kusema, Huyu ni babu yetu, na jina lake ni hili.

Basi ndugu zangu, mwaona tofauti. Kati ya Mkwawa na mpagazi aliyekufa njiani hakuna tofauti ya damu, wala ya machozi ya mama. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na jina lililotunzwa, na mwingine jina lake lilitunzwa na mjane wake tu; naye mjane alipokufa, likafa pamoja naye.

Yako mambo mawili yanayoweza kutuzuia tusiitunze kumbukumbu yetu. La kwanza ni tamaa ya mali iliyofichwa. Watu husimulia kwamba Wajerumani walipokimbia walitupa dhahabu katika ziwa la Masoko, au waliifukia chini ya maboma. Na kwa ajili ya masimulizi kama hayo watu huchimba misingi ya majengo ya kale, wakaharibu kuta. Na tupime neno hili kwa akili. Ni kweli kwamba Wajerumani walipiga fedha za dhahabu katika nchi hii wakati wa vita. Zilikuwa za rupia 15, zenye picha ya tembo. Lakini zilipigwa Tabora, katika mwaka 1916, nazo hazikuzidi sana 16,000 kwa jumla. Wajerumani waliondoka Tukuyu na Masoko mwisho wa Mei mwaka ule ule, na Tabora ni mbali. Ni vigumu kuamini kwamba dhahabu hiyo iliyokuwa kidogo, tena mpya, ilipelekwa mpakani kwenye adui ili itupwe majini! Hizo heleri za kale ziokotwazo huku na huku si hazina. Heleri 100 zilifanya rupia moja tu. Mtu avunjaye ukuta wa kale kwa kutafuta dhahabu amepoteza vyote viwili: dhahabu hakuipata, na ukuta haupo tena wa kuwafundisha watoto.

Wala tusidhani kwamba sheria italinda kila kitu bila sisi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Maboma ya Wajerumani yalijengwa baada ya hapo. Kwa hiyo hayalindwi mpaka Waziri ayatangaze kuwa ukumbusho. Mlinzi wa kwanza ni jirani.

Jambo la pili linalotuzuia ni kudhani kwamba muda umekwisha kupita. Ni kweli, hakuna aliye hai aliyebeba mizigo ya 1916. Lakini wako wazee wetu waliolelewa na babu na bibi walioona mambo yale kwa macho. Wanajua nani alikwenda, nani alirudi na kovu begani, na mama yupi alikaa miaka mingi akitazama njia. Wazee hawa nao umri wao umekwenda. Wakiondoka, mlango umefungwa, na ufunguo hautapatikana Berlin wala London.

Basi tufanye nini? Sisemi mambo makubwa yanayohitaji fedha nyingi. Nasema mambo manne ambayo kijiji chochote chaweza.

Kwanza, tuzuru mahali petu kabla ya kutamani pa mbali. Mwalimu na awachukue watoto kwenda Tukuyu na Masoko, akiisha kuomba ruhusa kwa wenye mahali. Wasichimbe, wasiokote, wasiandike ukutani. Watazame unene wa kuta, wainue jiwe moja lililolala chini, walirudishe pale pale. Kisha waulizwe, Nani aliyelileta hapa?

Pili, kila ukoo utafute daftari moja. Ndani yake yaandikwe majina ya wote wanaokumbukwa kuwa walichukuliwa katika vita ile, ama upande wa Wajerumani ama upande wa Waingereza, maana wengine walibeba mizigo ya wote wawili. Liandikwe jina la mtu, jina la baba yake, kijiji chake, rika lake, kama alirudi au hakurudi, na jina la mzee aliyetoa habari, na tarehe. Ikiwa mzee hana hakika, na iandikwe hivyo. Uongo mtamu usiingizwe. Mwulizeni mzee juu ya rika zima, kwa maana akimkumbuka mmoja, wenzake humfuata.

Tatu, tusisahau maandishi ya zamani. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, nao walikuwa watu wa kuandika. Vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya mazishi vina majina ya watu wa siku zile. Na huko Herrnhut, katika Ujerumani, ndiko kuliko nyumba kuu ya kumbukumbu za kanisa lao. Jina lililosemwa na mzee laweza kulinganishwa na jina lililoandikwa kitabuni, na mashahidi wawili ni bora kuliko mmoja.

Nne, majina yakiisha kukusanywa, yasomwe mbele ya watu mara moja kila mwaka, na nakala iwekwe shuleni, kwa sababu daftari moja huliwa na mchwa, bali nakala tatu haziliwi siku moja.

Pengine mtu atacheka kwamba orodha ya majina ya wapagazi si ngome, wala si makumbusho. Namjibu kwamba ngome ya Mombasa ilikuwa na kuta za matumbawe zilizoshinda mizinga, wala haikuweza kutunza jina la mwanamke mmoja kati ya wale 50. Daftari la shule la kurasa 40 laweza kufanya ambalo kuta zile hazikuweza. Anayejua kusoma na kuandika amepewa kitu ambacho wapagazi wale wengi hawakuwa nacho. Na akitumie kwanza kwa ajili yao, angali ana mzee wa kumwuliza.